Maji ya Betri: Jina Moja, Vimiminika Viwili

Mteja anayeingia duka la vipuri pale Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akaomba "maji ya betri", anaweza kutoka na kimoja kati ya vitu viwili. Huenda akapewa maji matupu, masafi kuliko ya kunywa. Huenda pia akapewa asidi, ile ambayo tone lake likidondokea suruali halionekani siku hiyo, bali siku nguo inapofuliwa ndipo tundu linapojitokeza. Jina ni moja, chupa zinaweza kufanana, na muuzaji mwenye haraka haulizi ni yapi yanayotakiwa.

Mkanganyiko huo una asili yake. Betri nyingi za maji husafirishwa zikiwa kavu. Sahani zake zimekwisha kuchajiwa kiwandani, lakini ndani hamna kimiminika. Hicho hutiwa dukani siku ya kununua. Mnunuzi anaona chupa inainuliwa, vyumba sita vinajazwa kimoja kimoja, na anaambiwa haya ndiyo maji ya betri. Aliyoyaona ni asidi. Miezi inapita, kina kinashuka, naye kwa akili ya kawaida kabisa anarudi kununua yale yale aliyoona yakitiwa. Akili hiyo ingefaa kwa oili ya injini. Kwa betri haifai, kwa kuwa kilichopungua si kile kilichomiminwa siku ya kwanza: yametoka maji, asidi imebaki.

Betri ya gari ya volti 12 ni vyumba sita, yaani seli, vilivyounganishwa kwa mfuatano ndani ya kasha moja la plastiki. Kila seli iliyojaa chaji hutoa volti 2.1 hivi, na zote sita hufika 12.6 au 12.7. Ndani ya seli mna sahani za risasi za aina mbili, zimepangwa kwa kupishana kama kurasa za kitabu. Zilizo hasi zina risasi yenye vinyweleo kama sponji. Zilizo chanya zimepakwa oksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia iliyokoza. Kati yake hukaa vitenganishi vyembamba ili zisigusane. Zote zimezama katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji, ambao betri ikiwa imejaa chaji huwa na asidi asilimia 37 hivi kwa uzito. Muundo huo ni wa zamani. Mfaransa Gaston Planté aliubuni mwaka 1859, gari la petroli likiwa bado halijazaliwa, na Mfaransa mwenzake Camille Faure akauboresha mwaka 1881 kwa kupaka rojo la oksidi ya risasi juu ya sahani. Kemia yenyewe haijabadilika tangu hapo.

Kemia hiyo ina tabia inayowachanganya wengi. Betri inapotumika, asidi huingia kwenye sahani: salfeti hung'ang'ania risasi pande zote mbili, na maji mapya huzaliwa. Kwa hiyo betri iliyoishiwa chaji ina maji mengi na asidi kidogo. Inapochajiwa, salfeti huziachia sahani na kurudi majini, na kimiminika kikawa kikali tena. Asidi huenda na kurudi kama mtu mwenye nyumba mbili katika kiwanja kimoja; haitoki nje ya ua. Anayepima na kukuta kimiminika chepesi hapaswi kudhani kwamba asidi imepotea. Mara nyingi iko kwenye sahani, inasubiri chaji.

Maji nayo yana mlango wa kutokea. Chaji inapokaribia kujaa, salfeti ya kurudishwa imekwisha, lakini umeme kutoka kwenye altaneta bado unaingia. Ukikosa kazi nyingine, huanza kuyapasua maji yenyewe: oksijeni hutokea kwenye sahani chanya, haidrojeni kwenye hasi, na gesi hizo hupenya vitundu vya vizibo zikapotea hewani. Hali hiyo huonekana waziwazi seli inapofika volti 2.4 hivi, ambazo kwa betri nzima ni 14.4. Mapovu yanayosikika ndani ya betri iliyo kwenye chaja, ambayo watu husema "inachemka", si mchemko wa joto. Ni maji yanayoondoka. Kiasi kidogo huondoka pia kama mvuke wa kawaida, hasa boneti ikiwa na joto, lakini mla maji mkuu ni umeme uliozidi.

Kinachopotea kinaweza kuhesabiwa kwa kalamu. Kila ampea-saa moja inayopita baada ya betri kujaa hupasua gramu 0.336 za maji katika kila seli, yaani gramu 2 kwa seli zote sita. Ichukuliwe daladala inayoanza safari alfajiri na kulazwa usiku, injini ikinguruma saa 16 kwa siku, na betri iliyokwisha kujaa ikipokea nusu ampea tu isiyo na kazi. Hizo ni ampea-saa 8, sawa na gramu 16 za maji kila siku. Kwa mwezi inakaribia nusu lita, zaidi ya chupa moja na nusu za soda ya mililita 300. Kila seli imepoteza mililita 80. Akiba ya maji iliyo juu ya sahani katika betri ya ukubwa wa kati ni mililita 60 au 70 hivi kwa seli. Kwa maneno mengine, kabla ya mwezi kwisha vichwa vya sahani vimeshachungulia nje. Gari la mtumishi anayeendesha kwa muda wa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa mkondo ule ule, hupoteza gramu 60 kwa mwezi, gramu 10 kwa kila seli. Ushauri wa kukagua maji mara moja kwa mwezi ulilenga gari la namna hii ya pili. Kwa daladala, matatu au lori la masafa, siku ya kuoshwa kila wiki ndiyo siku ya kufungua vizibo.

Joto huongeza kasi ya mambo yote haya. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wahandisi ni kwamba mabadiliko ya kikemia yanayoichakaza betri huwa maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Mchana wa Januari au Februari katika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa hupita nyuzi 30 kivulini, na chini ya boneti ya gari lililokwama kwenye foleni joto ni kubwa zaidi. Betri yenye joto pia hupokea mkondo mkubwa kwa volti ile ile, hivyo mapovu huanza mapema. Magari mengi ya siku hizi yana reguleta inayoshusha volti kadiri joto linavyopanda. Yale ya zamani, na yale yaliyobandikwa reguleta yoyote iliyopatikana sokoni, hayajui msimu wala mwinuko: volti zinazoifaa asubuhi ya Limuru au Njombe ndizo zinazoikausha betri hiyo hiyo ikishushwa pwani.

Sahani ikichungulia nje ya maji, madhara yake hayarudi nyuma. Sehemu iliyo wazi hukauka, na salfeti yake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi tena kuziyeyusha. Risasi ya sahani hasi ikikutana na oksijeni ya hewani hubadilika kuwa oksidi na kutoa joto. Kimiminika kilichobaki chini nacho kimekuwa kikali kupita kiasi, kwani asidi ile ile sasa imo katika maji machache, hivyo kinazila fremu za sahani zilizobaki ndani. Kuongeza maji wakati huo huokoa kile tu ambacho hakijakauka. Dereva hugundua tatizo asubuhi: taa zinawaka vizuri, redio inaimba, lakini stata inagonga "ka-ka-ka" kisha kimya. Redio huomba ampea chache. Stata huomba mia moja na zaidi, na sahani zilizobaki hazina pa kuzitoa.

Maji ya kuongeza ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa na kupozwa, au yaliyochujwa hadi kuondolewa madini yote. Maji ya bomba yana chokaa, klorini na mara nyingi chuma. Kloridi hushambulia sahani chanya. Chuma hubeba chaji kutoka sahani moja hadi nyingine, betri ikajimaliza yenyewe gari likiwa limeegeshwa. Mabaya zaidi ni ya visima vya mwambao, ambayo mengi yana chumvi inayosikika hata kwenye chai. Wapo wanaoamini kuwa kuyachemsha kunatosha. Hakutoshi: kinachoruka ni mvuke, chumvi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi, na mtu amejitengenezea maji mabaya kuliko aliyoanza nayo. Maji ya kunywa ya chupani hayafai pia, na lebo yake yenyewe huorodhesha madini yaliyomo. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo cha plastiki, mvua ikiwa imekwisha kuosha anga, ni nafuu kuliko ya bomba. Yaliyotiririka juu ya bati siyo. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi huanza yakiwa safi, kwa kuwa ni unyevu wa hewa uliopozwa, lakini hupita juu ya shaba, alumini na vumbi la miaka. Hayo yote ni ya dharura. Chupa ya maji safi ya betri huuzwa kwa bei ndogo mno ukilinganisha na bei ya betri, na ubahili wa hapa huwa ni wa ajabu kwa mtu aliyekwisha kununua gari.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Gari linakuwa mahali tambarare, injini imezimwa na imepoa. Fundi umeme wa magari aliyezoea hufuta mfuniko wa betri kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufungua kizibo hata kimoja, maana mchanga ukishaingia kwenye seli hautoki. Vizibo sita hupangwa juu ya gazeti kwa mpangilio ule ule vilivyotoka. Tochi ya simu inatosha kumulika. Mwali wa kiberiti hautakiwi karibu na hapo. Kasha likiwa jeupe la kupitisha mwanga, alama mbili za ubavuni huonyesha kima cha juu na cha chini. Likiwa jeusi, mrija mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga huteremshwa hadi ukagusa sahani, ncha ya juu ikazibwa kwa kidole, kisha mrija ukainuliwa. Maji yaliyonaswa ndani yakiwa na kimo cha milimita 10 hadi 15, seli hiyo iko sawa. Yakiwa pungufu, huongezwa kidogo kidogo kwa faneli ya plastiki, si ya chuma. Seli zote sita hupimwa. Kuangalia moja na kudhani nyingine zinafanana ni kazi nusu.

Kosa linalofuata ukame kwa wingi ni kujaza hadi mdomoni. Kimiminika hupanuka kikipata joto, na mapovu ya chaji hukiinua zaidi. Kilichozidi hutokea kwenye vitundu vya vizibo kikiwa na asidi yake, kikatambaa juu ya mfuniko hadi kwenye terminali. Ukoko mweupe wenye madoa ya kijani au ya bluu unaoota pale mara nyingi ni ushahidi wa mkono mzito. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi, hata yale yale yanayolainishia maharage, vizibo vikiwa vimekazwa kwanza ili magadi yasiingie kwenye seli na kuua asidi ya ndani. Yakigusa ukoko hutoa povu; povu likikoma, asidi imekwisha. Kisha hufuata maji matupu, kitambaa kikavu na grisi kidogo. Wapo mafundi wanaomwaga soda ya kola. Nayo huyeyusha ukoko, kwa kuwa ni asidi hafifu, ila huacha sukari inayonata na kukusanya vumbi.

Betri iliyokutwa imekauka na imeishiwa chaji hujazwa kwa hatua mbili. Kwanza hutiwa maji ya kufunika sahani tu. Huchajiwa, kima hupanda chenyewe, ndipo huongezwa hadi kwenye alama. Anayejaza hadi kwenye alama kabla ya kuchaji ataikuta sakafu imelowa asidi asubuhi.

Nguvu ya kimiminika hupimwa kwa haidromita, mrija wa kioo wenye kipira cha kuvutia juu na kielea ndani. Kielea husoma uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000. Usomaji hufanywa baada ya gari kutembea au betri kuchajiwa na kupumzika, kamwe si mara tu baada ya kuongeza maji, kwani maji mapya hukaa juu kwanza na kipimo hudanganya. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huandika kwamba betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, nusu chaji ni 1.190, na iliyokwisha ni 1.120. Hapa pana jambo ambalo majedwali ya vitabu hivyo hayalisemi kwa sauti. Kwa nchi za joto watengenezaji hutumia asidi hafifu zaidi, ya 1.240 au 1.250, kwa kuwa asidi kali pamoja na joto huchakaza sahani na vitenganishi haraka. Betri ya namna hiyo ikisoma 1.245 imejaa. Anayeipima kwa jedwali la Ulaya ataiona ina njaa, na atashawishika kuiongezea asidi. Dawa ni kuandika usomaji wa siku ya kwanza kwa kalamu ya wino ubavuni mwa kasha, na kulinganisha na huo daima.

Namba sita zikikaa pamoja husema mengi kuliko moja. Tuseme zimesomwa 1.250, 1.245, 1.250, 1.250, 1.160 na 1.245. Tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli moja na wenzake huonyesha kwamba seli hiyo, hapa ya tano, ina ugonjwa wake yenyewe: labda sahani zake zimegusana kwa chini, ambako matope ya risasi iliyopukutika yamejaa. Upotevu wa maji nao una lugha yake. Seli zote sita zikinywa kwa wingi na kwa usawa, mkosaji ni reguleta. Mita ikiwekwa kwenye terminali, injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, itasoma volti 15 au zaidi badala ya 13.8 hadi 14.4. Seli moja ikinywa kuliko nyingine, huenda kasha lina ufa upande wake. Na kuna hali ya kushangaza ambapo seli tano zinakauka upesi na ya sita haipungui kitu. Hiyo ya sita ndiyo iliyokufa. Haibebi tena volti zake, kwa hiyo volti 14.2 za altaneta zinagawanywa kwa tano badala ya sita, kila seli nzima inapata 2.84, na zinachemshwa mchana kutwa. Betri hiyo ikiongezewa maji kila siku tatu haitapona.

Sasa ile chupa ya asidi. Volti za seli iliyopumzika hukaribia kuwa uzito wa kimiminika kujumlisha 0.84. Kimiminika cha 1.250 hutoa 2.09 kwa seli, yaani 12.54 kwa betri. Kikichanganywa asidi hadi kufika 1.300, mita inasoma 12.84, ingawa hakuna chaji yoyote iliyoongezwa. Stata inazunguka kwa nguvu, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa. Ndiyo maana mazoea hayo hayafi: kwa siku kadhaa yanaonekana kufanya kazi. Wakati huo salfeti iliyokuwa imeganda kwenye sahani imebaki palepale, na asidi iliyozidi inazila fremu za sahani chanya, inavunjavunja vitenganishi, na kuangusha risasi chini kama matope. Mwezi wa pili betri ni mzigo.

Lipo tukio moja ambapo asidi hupotea kweli, nalo ni kumwagika. Gari limepinduka, au betri haikufungwa vizuri ikarukaruka kwenye barabara ya mashimo hadi kasha likapasuka. Kipande cha mpira wa tyubu kilichokazwa mahali pa kishikio cha chuma huonekana kinashika, lakini hulegea kwa joto na kuiacha betri icheze. Seli iliyomwaga hurudishiwa asidi iliyokwisha changanywa, yenye nguvu sawa na ya seli nyingine, baada ya betri kuchajiwa kwanza ili asidi iliyo kwenye sahani ihesabiwe. Anayelazimika kuchanganya mwenyewe humimina asidi ndani ya maji polepole. Akifanya kinyume, akamwagia maji juu ya asidi, joto linalozuka papo hapo huyachemsha maji ya juu na kumrushia usoni.

Kundi jingine ni zile zinazoitwa "betri kavu". Hazina ukavu wowote. Nyingi ni betri za maji zile zile zilizobadilishwa madini: fremu za zamani za sahani zilitiwa antimoni ili risasi iwe ngumu, na antimoni hiyo ndiyo iliyorahisisha maji kupasuka. Kuanzia miaka ya 1970 watengenezaji waligeukia kalsiamu, upotevu ukashuka sana, nao wakagandisha vizibo au kuvificha chini ya stika. Maji yaliyomo huwekwa ya kutosha maisha yote ya betri, kwa sharti kwamba volti zimetulia. Kwenye gari lenye reguleta mbovu, betri kavu hufa kwa kiu kama nyingine, tofauti ni kwamba hakuna pa kuinyweshea. Zenye jicho dogo la kioo juu huonyesha kijani zikiwa na chaji, nyeusi zikiwa na upungufu, na weupe au uwazi kima kikiwa kimeshuka chini ya jicho. Ya namna ya mwisho haichajiwi wala haibustiwi, hubadilishwa. Jicho hilo liko kwenye seli moja tu kati ya sita, kwa hiyo kijani chake hakizisemei nyingine tano. Aina ya tatu ni zilizozibwa kabisa kwa valvu, ambamo asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo au imegandishwa kama jeli. Ndani yake oksijeni hurudi kukutana na sahani hasi na kuwa maji tena. Hizo hazifunguliwi kabisa. Zikipewa volti kubwa valvu hufunguka, gesi hutoka, na kilichotoka hakirudi.

Pikipiki za bodaboda zina betri ndogo, na udogo ndio tatizo: maji ya seli moja ni vijiko vichache, hivyo kukosa ukaguzi kwa wiki mbili kunatosha kuikausha. Zile za maji zina mrija ubavuni wa kutolea gesi, ambao ukiziba au ukichomolewa asidi hudondokea fremu na mnyororo, na kutu huanzia hapo.

Gari linalolazwa miezi, labda mwenyewe yuko safarini, halipotezi maji mengi. Linapoteza chaji, na salfeti hugeuka fuwele sahani zikiwa zimezama vizuri kabisa. Kuichomoa terminali hasi na kuichaji betri kila baada ya mwezi mmoja au miwili kunazuia hilo. Kima cha maji hapo si kipimo cha afya.

Gesi inayotoka kwenye betri inayochajiwa ndiyo hatari iliyosahaulika kuliko zote. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na cheche ndogo ya bana ya waya inatosha. Ndiyo sababu ya kanuni ya kubusti: bana ya mwisho, ya waya hasi, hubanwa kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche itokee pasipo na gesi. Asidi ikirukia jicho, huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa hupelekwa hospitali hata kama maumivu yametulia.

Betri iliyokwisha kabisa ina thamani, kwani risasi yake huyeyushwa na kutumika upya, na wanunuzi wa vyuma chakavu huizungukia mitaani. Wengi huimwaga kwanza kwenye mtaro ili iwe nyepesi kubeba. Kilichomwagwa si asidi tu; kimechukua chembe za risasi za miaka yote. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu na udongo. Harakati za kukipinga zilimpatia Phyllis Omido Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini humo iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri chakavu hufikishwa kwa mnunuzi ikiwa imesimama wima, vizibo vimekazwa, na kimiminika chake kikiwa ndani.